Fundi wa Vitara vya Chinatsu

Siku yangu ya kwanza karakanani, Mkuu wa Karakana alinikabidhi ndoo iliyojaa vitara vibovu, zile panga nyembamba za mchezo. Akaniambia, "Mama, hizi zote ni maiti. Ukifufua tatu kabla ya saa kumi, kuja tena kesho. Ukishindwa tutabaki marafiki, utarudi kwa ufagio wako." Akavaa miwani, akainamia kazi yake, wala hakunitazama tena mpaka saa nane.

Nilifufua vitano.

Ninalisema hilo mapema kwa sababu vijana wanaokuja kunihoji siku hizi huanza na swali lilelile: mwanamke wa Tanga, mfagizi wa ukumbi wa michezo Wembley, alipataje kazi ya ufundi wa silaha? Huwa wanatarajia niwaambie ni bahati. Haikuwa bahati. Marehemu baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale kwetu Ngamiani, na mimi nilijua kulehemu kabla sijajua kupika ubwabwa. Nilipofika London na mume wangu, hakuna aliyeniuliza kama najua kulehemu. Waliniuliza kama naweza kuanza usafi saa kumi na moja alfajiri. Nikasema naweza.

Ukumbi ule ulikuwa na klabu ya mchezo wa vitara. Nikifagia nilikuwa naokota skrubu ndogo mno, ndogo kuliko punje ya ulezi, zilizodondoka kwenye ncha za silaha. Wenzangu walizipitishia mashine ya kunyonya vumbi. Mimi nilizitia kwenye kikopo, na kila Ijumaa nikakiacha mlangoni mwa karakana. Baada ya wiki kadhaa Mkuu wa Karakana akatoka na kikopo mkononi, akauliza kwa Kiingereza nani ameokota. Nilipojibu, alinisikiliza lafudhi, akacheka, akahamia Kiswahili. Alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, Bwana Gurdev, mtoto wa fundi wa reli. "Wewe unajua hii ni nini?" Nikamwambia sijui, lakini mtu hawezi kutengeneza skrubu ndogo namna ile halafu isiwe na kazi kubwa. Jumatatu yake ndiyo nikapewa ndoo.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Kiswahili tunasema vitara, ingawa silaha tuliyoishughulikia zaidi, foili, imenyooka na haina makali. Mchezaji hamkati mwenzake, anamgusa kwa ncha. Ncha ile ni swichi. Ndani yake mna springi, na kutoka hapo waya mwembamba kama unywele unapita kwenye mfereji katika ubapa wa kitara mpaka mkononi, kisha kwenye kebo inayopita ndani ya nguo ya mchezaji hadi mashine ya taa. Juu ya nguo nyeupe mchezaji huvaa kizibao kilichofumwa kwa nyuzi za chuma. Ukimgusa mwenzako kwenye kizibao, taa ya rangi inawaka, nawe una nafasi ya kupata pointi. Ukimgusa mkono, mguu au mahali pengine pasipo nyuzi, inawaka taa nyeupe, mchezo unasimamishwa, hupati kitu.

Kazi ya fundi ni kuhakikisha taa haisemi uongo. Waya ukikatika, unaung'oa, unausafisha mfereji, unalaza waya mpya kwa gundi huku umekipinda kitara kama upinde, maana ukigandisha waya kikiwa kimenyooka utakatika mara kitakapopindwa tena. Springi unaipima kwa jiwe la nusu kilo: ncha isipoweza kulinyanyua, silaha inakataliwa. Na kizibao unakipima kwa testa, kipimo cha umeme chenye ncha mbili, unaipitisha kila mahali, kifuani, mgongoni, mabegani, na zaidi ya kote kwapani, kwa sababu jasho la kwapani hula nyuzi. Bwana Gurdev alinifundisha hivi: "Kwapa ni mwongo. Juu inang'aa, chini imekufa. Usiamini macho, amini testa."

Nilikaa chini yake miaka saba. Alikuwa mkali, lakini hakuwahi kunifokea mbele ya watu, na nilipoanza kumzidi kwa kulaza waya alisema wazi mbele ya Kocha Mkuu, "Peleka kwa huyu mama, mimi mkono umezeeka."

Katika mwaka wangu wa nne karakanani akaja Chinatsu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, Mjapani, mfupi kuliko mabinti wote wa klabu, na alitumia mkono wa kushoto. Alikuwa ameachwa kwenye timu ya vijana ya kwao, akaja London kujifunza chini ya Kocha Mkuu wetu, mama mmoja wa Kiingereza aliyenyooka kama mlingoti, ambaye nilimwogopa kwa miaka miwili ya kwanza. Siku ya kwanza nilimsikia akimwambia Chinatsu, "Wewe ni mfupi. Usijaribu kurefuka. Jifunze kufika mapema." Binti aliinama mpaka nikaona kisogo chake.

Huyo mtoto alivunja vitara! Wiki ya kwanza vitatu. Kwa sababu ya ufupi wake ilimbidi aingie ndani kabisa ya mikono ya wapinzani, na hapo kitara kinapindwa mpaka kinasalimu amri. Kila jioni alinijia na mabaki ameyashika kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta msiba. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na changu cha kazini, kwa hiyo tulizungumza kwa mikono. Nikamfundisha neno moja la Kiswahili, fundi. Tangu hapo akaniita Fundi-san. Kwao "san" ni kama Bwana au Bibi kwetu.

Wenzake walitupa silaha mezani wakaondoka. Yeye alibaki. Alivuta kiti akanitazama nikilaza waya, na siku moja akanionyesha kwa kidole kwamba anataka kujaribu. Waya wake wa kwanza ulikuwa aibu, ulipindapinda kama barabara ya Lushoto. Niliung'oa mbele yake, nikampa mwingine. Wa sita ulipita kipimo. Alipoona taa imewaka alipiga kelele mpaka Bwana Gurdev akaangusha kikombe cha chai.

Alikaa nasi misimu miwili, kisha akarudi kwao na kuingia timu ya taifa. Tulifuata habari zake kwa simu ya binti yangu Salma. Alishinda huku, akatolewa kule. Mchezaji mzuri, basi. Halafu likatokea jambo lililomfanya ajulikane na watu wasiojua hata foili ni nini.

Ilikuwa robo fainali ya mashindano makubwa Ulaya. Yeye na mpinzani wake waligusana kwa pamoja, taa zote mbili za rangi zikawaka. Katika foili, hapo refa anaamua nani alianza shambulizi, na huyo ndiye anayepewa pointi. Refa akampa Chinatsu, naye kwa pointi hiyo alikuwa amekwisha kushinda. Lakini badala ya kushangilia alivua barakoa yake ya wavu wa chuma, akamwambia refa, "Hapana. Yeye alianza." Refa akabadili uamuzi. Dakika moja baadaye Chinatsu alitolewa.

Video ile ilizunguka nchi yao yote. Nilimwona kwenye picha za matangazo amesimama na chupa ya chai ya baridi. Akatokea kwenye vipindi vya asubuhi. Na mwaka uliofuata alipochukua ubingwa wa bara lao, ikawa kama kila nyumba ya Japani ina binti yao. Hata huku kwetu tuliona: akina mama wa Kijapani wa kule Acton walianza kuleta mabinti zao Jumamosi, watoto wadogo waliovaa barakoa zinazowafunika mpaka mabegani, na darasa la wanaoanza likabidi ligawanywe mara mbili. Wengine waliomba vitara vya mkono wa kushoto na huku wanaandikia mkono wa kulia.

Wakati huo Bwana Gurdev alikwisha kustaafu, na mimi nilikuwa Mkuu wa Karakana. Zaidi ya hapo, mashindano makubwa yalipofanyika London niliitwa kuongoza meza ya ukaguzi. Kila silaha, kila barakoa, kila kizibao lazima kipite pale, na kikipita kinapigwa muhuri. Muhuri wangu ulikuwa na herufi mbili za jina langu. Nilijivunia herufi zile kuliko pasipoti.

Basi Chinatsu akarudi London kushindana, akiwa nyota. Asubuhi ya ukaguzi walikuja pamoja naye wapiga picha, meneja wake, na mashabiki waliosafiri kutoka kwao na vitambaa vyenye jina lake. Foleni ilikuwa ndefu. Mezani mwangu nilikuwa na kizibao cha mchezaji mwingine, binti mrefu kutoka Ulaya bara. Nilikwisha kupima kifua na mgongo. Nikasikia nyuma ya watu, "Fundi-san!"

Nikainua kichwa. Alikuwa ananipungia mikono yote miwili kama mtoto. Akapita katikati ya watu, akaizunguka meza, akanikumbatia mbele ya kamera. Akaniuliza habari za Bwana Gurdev, habari za Salma. Wapiga picha wakataka tusimame pamoja, nikasimama. Niseme ukweli, moyo wangu ulikuwa mkubwa kuliko ule ukumbi. Nilipogeuka kwenye meza, kizibao cha yule binti mrefu kilikuwa kimelala pale, na mwenyewe ananisubiri kwa adabu. Kilionekana karibu kipya, kinang'aa. Nikapiga muhuri. Nikasema, "Anayefuata."

Nusu fainali iliwakutanisha hao wawili.

Ukumbi ulijaa. Mechi ilikwenda mguu kwa mguu mpaka kumi na nne kwa kumi na nne, na pointi ya kumi na tano ndiyo ya mwisho. Chinatsu alirudi nyuma hatua mbili, akamwacha mwenzake aje, kisha akaingia chini ya mkono wake na kumgusa ubavuni, juu kabisa, karibu na kwapa. Mashabiki wakaruka. Taa ikawaka nyeupe.

Chinatsu aliitazama taa, akatazama ncha yake, akamwomba refa kizibao cha mpinzani kipimwe. Ni haki ya mchezaji. Refa akainua mkono kumwita fundi, na fundi nilikuwa mimi.

Nilitembea pale jukwaani na testa yangu. Nilipofika karibu niliona muhuri wenye herufi zangu mbili. Nikaweka ncha za testa ubavuni: inawaka. Nikapandisha: inawaka. Nikafika kwapani: kimya. Sehemu kubwa kama sarafu ilikuwa imekufa. Nikarudia mara tatu ili refa aone. Nikasema, "Hapa hapana uhai."

Sheria ni ngumu lakini iko wazi. Mpinzani alibadilisha kizibao, na pointi ya Chinatsu haikurudi, kwa kuwa mguso ambao taa haikuuandika hauwezi kuhesabiwa. Wakaanza upya. Safari hii binti mrefu alimuwahi, taa ya rangi ikawaka, na Chinatsu akawa ametolewa. Mashabiki walilia hadharani. Nami nilikuwa nimesimama na testa mkononi.

Mkurugenzi wa Mashindano aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, anayependa mambo yaishe vizuri. Akanisogezea fomu ya ripoti, akasema, "Bi. Mwanaidi, nyuzi huliwa na jasho katikati ya mchezo. Jambo hilo hutokea, sivyo?"

"Hutokea," nikamjibu.

"Basi andika hivyo. Waandishi wa Japani wako nje kumi na watano. Wanauliza nani alikipitisha."

Nilishika kalamu. Lisingekuwa jambo la kushangaza, na pengine hakuna ambaye angelijua. Lakini nyuzi za eneo kubwa kama lile hazifi kwa jasho la mechi nne, nami nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na nilimkumbuka yule mtoto aliyevua barakoa na kumwambia refa, yeye alianza. Ningewezaje kumtazama usoni tena?

Nikaandika: Sikupima makwapa. Kosa ni langu. Nikatia sahihi.

Mkurugenzi alisoma, akavua miwani. "Unajua nitalazimika kukuondoa kwenye meza ya ukaguzi?"

"Najua. Ningekuwa wewe, ningeniondoa pia."

Nikaenda kumtafuta Chinatsu. Nilimkuta kwenye ukumbi mdogo wa kupashia mwili, amekaa sakafuni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Nikamweleza yote kwa Kiingereza chepesi, bila kujitetea, kwamba nilipomwona nilifurahi nikasahau kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa makavu. Alivaa ile soksi, akachukua begi lake, akanipita.

Vijana hunambia, lakini wewe ulikuwa mkweli, bila shaka alikusamehe papo hapo. Hapana. Ukweli haununui msamaha, na mimi sikuusema ili ninunue. Nilirudi karakanani kwangu Wembley nikaendelea na vitara vya klabu. Kwa msimu mzima hawakuniita kwenye mashindano. Nilijipangia utaratibu mpya: kizibao kinaanza kupimwa kwapani, kisha ndipo kifua, na anayekipima hazungumzi na mtu, hata akija nani. Niliubandika ukutani kwa maandishi makubwa, na chini yake nikaeleza sababu yake, pamoja na jina langu. Baadaye klabu nyingine ziliuiga. Moja ya Croydon ilituma watu wawili kuja kujifunza.

Mashindano ya dunia yalipofika, niliyatazama nyumbani na Salma. Chinatsu alichukua medali ya fedha. Kwenye mahojiano mwandishi alimuuliza kuhusu ile nusu fainali ya London, kama anadhani aliibiwa. Salma alinisomea tafsiri. Alisema, "Taa ilikosea mara moja. Mimi nilikosea mara kumi na nne kabla yake." Nilitoka nikaenda jikoni, nikafungua bomba la maji nisisikike.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Jumanne mchana, mlango wa karakana uligongwa. Alisimama pale peke yake, bila meneja wala kamera, vipande viwili vya kitara mikononi. Kiingereza chake sasa kilikuwa kizuri.

"Fundi-san," akasema, "nilikukasirikia miezi minne."

"Ilikuwa haki yako."

"Mwezi wa tano nilichoka." Akaviweka vipande mezani. "Kisha nikasoma ripoti yako. Mtu alinitafsiria. Ilikuwa fupi sana."

"Hapakuwa na mengi ya kusema."

Akatazama karatasi ukutani, akaisoma yote, na jina langu chini. Akavuta kiti, akakaa. Alitaka nimfundishe ukaguzi wote tangu mwanzo, barakoa, ncha, vizibao, kwa kuwa anafungua klabu ya watoto katika mji wao, na watoto wamekuwa wengi kuliko mafundi. Tulifanya kazi siku tisa. Nilimkataza kupokea simu akiwa ameshika testa, na alinitii, ingawa simu yenyewe iliita bila kukoma. Mabinti wa Jumamosi waligundua yuko ndani, wakajipanga dirishani na pua zao kwenye kioo. Alipomaliza kupima ndipo akatoka kuwasalimu, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Niliitwa tena kwenye mashindano, kwanza kama msaidizi, baadaye mezani kwangu. Nilistaafu kwa hiari yangu, mikono ilipoanza kutetemeka. Fundi anayelaza waya wa unene wa unywele anapaswa kujijua kabla hajajulishwa. Mahali pangu amechukua binti niliyemfunza, mkali kuliko mimi.

Watu huniuliza kama najuta. Najuta kosa moja, na nimekwisha kulitaja mbele yenu. Mengine nayaangalia nikiwa nimetulia. Taa elfu na elfu zilisema kweli mikononi mwangu, na wengi walioshinda na walioshindwa walilala wakijua ni wao wenyewe. Hilo si dogo. Kwa anayetaka kazi hii nina neno moja: utapenda watu, nao watakupenda, lakini saa ya kupima usimpende mtu.

Mwaka huu Chinatsu alikuja London kwa mashindano yake ya mwisho. Alinitumia tiketi mbili, nikaenda na Salma, tukakaa katikati ya Wajapani na vitambaa vyao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye viti vya watazamaji. Miaka yote nilikuwa nyuma ya meza au pembeni mwa jukwaa, nikitazama kebo, taa na ncha. Ofisa wa mashindano haruhusiwi kushangilia, hata kwa uso. Nilimjua Chinatsu kwa silaha alizovunja, lakini nilikuwa sijapata kumtazama mbele yangu akicheza tu.

Nikaitazama miguu yake. Mungu wangu, ile miguu! Alikuwa anarudi nyuma bila kelele, hatua ndogondogo, anamvuta mwenzake kama mtu anayevuta uzi kwenye sindano, halafu ghafla hayuko pale alipokuwa. Alifika mapema, kama Kocha Mkuu alivyomwagiza akiwa na miaka kumi na tisa. Taa ya rangi ikawaka, na kabla sijajijua nilikuwa nimesimama juu ya miguu yangu mibovu, napiga vigelegele vya harusini Tanga, naita jina lake.

Salma alinivuta mkono wa koti, akaniambia kwa Kiingereza nikae, watu wanatuangalia.

Sikukaa.